Vidonge vya Wasiougua

Mimi nilikuwa niolewe Jumamosi, na hospitali nzima ilikuwa inakohoa. Wengine siku ya harusi hupata mvua, wengine hupata mjomba mlevi. Mimi nilipata nimonia, tena haikuwa yangu.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, ndogo, juu ya Njoro pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Mau. Nilikuwa msaidizi katika wodi ya watoto. Mwaka ulikuwa 1958, mwezi wa Julai, na baridi ya Julai kule juu ni ya kukufanya uvae blanketi hadi kanisani. Ugonjwa uliingia na mzee mmoja aliyeletwa kutoka Olenguruone. Ukahamia kitanda cha pili, ukavuka ua, na kabla hatujajua tumepatwa na nini, wauguzi wawili walikuwa wamelala kwenye vitanda vile vile walivyokuwa wakivitandika. Kwanza koo linawasha, halafu homa inapanda, halafu kifua kinabana.

Daktari wetu, Harkness, alikuwa Mskoti mrefu mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Alitukusanya uani wafanyakazi wote akatangaza karantini.

Karantini sisi tuliijua, lakini ni ya ng'ombe. Ng'ombe wa mzungu wakishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, shamba linafungwa, na ole wako ukutwe barabarani na mbuzi. Joash, mpishi wetu kutoka Maragoli, akainama sikioni mwangu akaniuliza, "Sasa hata kwato atatuangalia?" Watu waliokuwa karibu wakafunika midomo wasicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha. Daktari alikuwa amesema lango limefungwa, wodi hazipokei mgonjwa mpya, na hakuna mfanyakazi atakayetoka mpaka wiki nzima ipite bila mfanyakazi mwingine kushikwa. Akishikwa hata mmoja, wiki inaanza upya.

Nilikuwa nimemngoja Waithaka miaka minne. Tulichumbiana kabla hajachukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, akapelekwa kizuizini, na miaka mitatu nikawa sijui kama ninamngoja mtu au ninangoja habari mbaya. Alirudi amekonda, akapata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba moja upande wa Rongai, akaanza tena kunitania kana kwamba tuliachana jana. Wazee wake walikuwa kijijini Limuru, na Mkikuyu siku zile hakupanda treni bila pasi ya serikali. Baba yake alikuwa amekaa nje ya ofisi ya Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, mpaka wakamzoea, ndipo akapewa pasi ya watu wachache kuja Njoro Jumamosi ile na kurudi siku ile ile. Jumamosi hiyo ikipita, hakuna aliyejua nyingine itatoka lini. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya mtu kukohoa.

Daktari alileta dawa ya kutukinga. Vilikuwa vidonge vyeupe vya penisilini, asubuhi na jioni, kwa kila mfanyakazi kuanzia yeye mwenyewe hadi Ngigi wa dobi. Akapanda kwenye ngazi ya wodi akatueleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rungu.

"Hii dawa si ya mgonjwa. Hii dawa ya wewe mzima. Wewe nameza leo, kesho hapana gonjwa."

Watu wakatazamana. Dawa kwa kawaida ilikuwa sindano, na sindano ilikuwa ya mgonjwa. Kidonge cha mtu asiyeumwa mahali popote kilikuwa jambo jipya. Ngigi aliuliza kwa heshima kama afadhali angoje kwanza augue kidogo, ili dawa isipotee bure. Daktari akamwambia ameze.

Tukawa tunapanga foleni mlangoni mwa jikoni, kila mtu na kikombe chake. Daktari anatia kidonge mkononi, Joash anatia uji kikombeni, unameza, unapita. Mimi nikajipa kazi ya kusimama mwisho wa foleni na kutazama, kwa sababu harusi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimezoea watoto wa wodini wanaotema dawa nyuma ya mto, na sikuona tofauti kubwa.

"Fungua mdomo, Joash."

"Mugure, mimi nakutosha kwa baba, na unanitazama meno kama fahali wa mnada?"

"Fungua."

Akafungua. Palikuwa safi. Nikawapitisha wote, mmoja mmoja, wakilalamika, na nikalala usingizi mzuri nikijua tumeushika ugonjwa kooni.

Haikufika siku ya tatu Sista Eucabeth, muuguzi wetu, akaanza kutetemeka wakati wa mzunguko wa asubuhi. Wiki ikaanza upya. Baada yake akafuata Ngigi, na wiki ikaanza upya tena. Nililia kwa hasira. Daktari naye alikaa kwenye ngazi akiikagua chupa ya vidonge, akanusa kimoja, akakiuma, akakunja uso. Dawa ilikuwa dawa. Alishindwa kuelewa kwa nini watu wanaoimeza mbele ya macho yake wanaanguka kana kwamba wanameza chokaa.

Jawabu lilikuja kwa miguu yake, asubuhi moja yenye ukungu, limebeba kuku.

Alikuwa Chelagat, mama mtu mzima aliyeishi kwenye nyumba za vibarua za shamba lililopakana nasi. Alikuwa na kuku mwekundu kwapani na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, mkononi. Alisimama langoni akamwambia Kipkemei, askari wetu, "Nataka daktari Joash."

"Joash ni mpishi," Kipkemei alisema haraka, maana Daktari Harkness alikuwa anavuka ua.

"Huyo huyo. Alinipitishia dawa hapo kwenye ua wa miiba ya kayaba. Mjukuu wangu sasa anapumua, jana amekula. Mwambie nimemletea kuku."

Daktari akasimama. Wala hakupata nafasi ya kusema neno, kwa sababu nyuma ya Chelagat palikuwa na wengine. Palikuwa na baba mwenye kabichi mbili za Ngigi. Palikuwa na msichana mwenye kikapu cha viazi vya Sista Eucabeth. Palikuwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni, ambaye alimshika Kipkemei mkono kupitia vyuma vya lango akamshukuru yeye na ukoo wake, na Kipkemei akawa anakohoa kwa makusudi ili asisikike. Kila mmoja alimtaja mfadhili wake kwa jina, kwa sauti ya furaha, mbele ya daktari.

Ndipo nilipojua. Vidonge havikuwa chini ya ulimi nilikotazama. Wazee wengi pale walikuwa watu wa ugoro, na mtu wa ugoro anajua kuficha kitu kati ya fizi na mdomo na bado akakuimbia wimbo mzima. Waliojua waliwafundisha wasiojua. Kidonge kikitoka mdomoni kilikaushwa, kikakatwa nusu kwa kisu cha jikoni, kikapitishwa kwenye ua wa kayaba kwa yeyote aliyesimama upande wa pili na mtoto anayekohoa. Hospitali nzima ilikuwa imefanya hivyo, na mimi mlinzi wa midomo nimesimama pale na macho yangu mawili.

Daktari alituita wote jikoni. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko yule kuku, ambaye Joash alikuwa amemshika miguu bila kujua amweke wapi.

"Ninyi wote ni wezi," daktari alisema. "Nusu kwa huyu, nusu kwa yule! Mtoto napata nusu, hapana pona sawasawa. Wewe hapana meza, nagonjwa. Halafu unakohoa kwa mgonjwa yangu!"

Joash akasema, polepole, "Daktari, mimi sina kitu. Nimesimama kwenye ua, mzima kama ng'ombe, dawa iko mfukoni. Mbele yangu kuna mtoto anavuta pumzi mpaka mbavu zinaonekana, na mlitangaza wodi haipokei mtu. Hebu niambie wewe. Nameza aje?"

Nilikuwa nimejiandaa kumrarua Joash. Nilikuwa hata nimechagua maneno. Lakini nilimwona yule mtoto akilini, kwa sababu mbavu kama hizo nilizitazama kila siku wodini, na maneno yangu yakakosa pa kwenda. Hasira ikabaki, na kwa kuwa haikumpata Joash ikamwendea daktari.

"Basi wape wale kwanza!" nilisema, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Wale wa nje wanakuja kwenye ua, na hawa wa ndani watawapa, hata ukiwafunga midomo kwa kamba. Weka meza langoni. Pima wanaokohoa, wape dawa yao kamili. Hawa wakishajua nje kuna dawa, watameza yao, ugonjwa utakwisha, na mimi nitaolewa!"

Neno la mwisho liliniponyoka tu. Kipkemei akaanza kucheka puani. Joash akamfuata, kuku akamponyoka, akaruka juu ya meza, akapita katikati ya sufuria, akatua begani kwa daktari na kutulia pale kana kwamba ndipo alipokuwa akienda. Daktari alijaribu kuendelea kukasirika. Alijitahidi sana, namshukuru kwa hilo, lakini mabega yake yalianza kutikisika na kuku akatikisika pamoja nayo.

Alasiri ile aliendesha gari mwenyewe hadi Nakuru, akarudi na makopo ya dawa ambayo nadhani aliyapata kwa kugombana na mtu. Kesho yake meza ikawekwa nje ya lango. Alipima vifua vya watoto kwenye baridi ile, kola imepandishwa hadi masikioni, na kila mama aliondoka na dawa ya mtoto wake na maneno makali ya namna ya kuimaliza yote. Chelagat alifika na mjukuu wake akapewa ile nusu nyingine ambayo kifua chake kilikuwa kinaidai. Jioni ile foleni ya jikoni ilikuwa na makelele ya sherehe. Joash alimeza kidonge chake, akafungua mdomo kabla sijamwambia, akageuza midomo yote miwili nje kama mtu anayekagua soksi.

"Tazama vizuri, bibi arusi. Usije ukasema nimekuharibia."

Baada ya hapo hakuna mfanyakazi mwingine aliyeshikwa. Ngigi alikuwa wa mwisho. Sista Eucabeth akaanza kuketi na kudai viazi vyake. Kila asubuhi niliamka nikasikiliza kikohozi, nikasikia ndege tu, na moyo ukawa mwepesi. Isipokuwa wiki ya Ngigi ilikuwa inakwisha Jumatatu, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Nilimwendea daktari Ijumaa. Nilimweleza habari ya pasi, na kizuizi, na mzee aliyekaa nje ya ofisi ya Bwana Shauri. Alinisikiliza mpaka mwisho, na aliponijibu hakupandisha sauti.

"Kama mimi natoa wewe leo, pengine natoa ugonjwa. Mama mkwe nakumbatia wewe, napanda treni, nafika Limuru. Kule kijiji imejaa watu, nyumba imebanana. Hapana, Mugure."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nilikwenda kwenye chumba cha mashuka, nikakaa juu ya mablanketi, nikalia mpaka pua ikaziba, na hata hapo ilinibidi nitoke haraka nimweleze kila mtu kwamba ni kilio tu, si kikohozi.

Jumamosi nilivaa gauni langu hata hivyo. Nilikuwa nimelishona kwa mkono wangu, na sikuona kwa nini likae kwenye sanduku kwa sababu ya bakteria. Saa za kabla ya adhuhuri tukawasikia. Walikuwa wanapanda kilima kutoka stesheni, wakiimba.

Kwetu Wakikuyu bwana arusi na watu wake wakija kumchukua msichana hukuta lango limefungwa. Wanawake wa ndani hulishikilia na kujifanya hawawajui wageni, na wa nje huimba wakiomba kufunguliwa, wakijibizana, mpaka wa ndani waridhike. Kadiri lango linavyokaza ndivyo msichana anavyoonekana wa thamani. Basi watu wa Waithaka walipolikuta lango letu lina mnyororo na kufuli, na askari amesimama mbele yake, walifurahi kupita kiasi. Mama yake, Wariara, mwanamke mfupi mwenye kifua cha kuimba, alisema wazi kwamba hajawahi kuona watu wanaojua desturi namna hii. Wakaimba. Kipkemei hakufungua. Wakaimba kwa nguvu zaidi. Wenzangu wa wodini hawakuweza kuvumilia, wakaanza kuwajibu kutoka ndani, hata Sista Eucabeth na blanketi lake dirishani, na ikawa mashindano. Baba na mama yangu waliokuwa wamekuja kutoka shambani ng'ambo ya mto nao wakajiunga, wakakosea upande na kuimba na wageni. Mimi nilisimama uani ninacheka na machozi yananitoka, kwa sababu sikujua ni nani atakayewaambia.

Aliyewaambia ni Daktari Harkness. Wimbo ukazimika mstari kwa mstari.

"Hatufunguliwi?" Wariara aliuliza. "Kweli kweli?"

"Kweli, mama. Jumatatu."

"Jumatatu mimi nitakuwa Limuru! Pasi ni ya leo!"

Hapo kila mtu akaanza kusema, mchungaji Karanja aliyekuja kutufungisha ndoa, baba yangu, Kipkemei. Waithaka alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono yake imeshika vyuma vya lango, na alikuwa ananitazama mimi. Katika miezi yote tangu arudi hakuwahi kuingia ndani ya lango lile. Alikuwa akinitembelea tunazungumza barabarani, hata mvua ikinyesha. Nyumbani kwake alilala mlango uko wazi, na baridi ya Rongai ikamwingia. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kunieleza.

"Daktari," alisema. "Mtu akiingia?"

"Kuingia naweza. Kutoka hapana, mpaka Jumatatu. Na nameza dawa."

"Bwana wangu amenipa wiki nzima ya harusi."

Wariara alikuwa ameelewa kabla yetu. "Waithaka! Tangu lini mwanamume anaolewa? Sisi tumekuja kuchukua msichana, wewe unaingia kwao na miguu yako?"

Watu wa nje wakaangua kicheko, na wa ndani pia. Waithaka mwenyewe akatabasamu, lakini niliona jasho kwenye paji la uso wake, na siku ilikuwa baridi. Joash alikimbia jikoni akarudi na kikombe cha uji. Daktari akapitisha kidonge kati ya vyuma. Waithaka akakiweka mdomoni, akanywa, na kwa kuwa Joash alimnong'oneza, akanifungulia mimi mdomo. Nilitazama kila pembe, fizi kwa fizi, na watu walipiga kelele kwa furaha. Kilikuwa kimekwenda.

Kipkemei akafungua mnyororo. Waithaka akapita. Lango likafungwa nyuma yake, mnyororo ukalia, na hapo Wariara, ambaye alikuwa bado anagomba na kucheka, alitoa sauti moja ndogo akashika kichwa. Nilijua alichokiona. Mara ya mwisho aliposikia mnyororo ukifungwa nyuma ya mwanawe, hakumwona tena miaka mitatu.

Waithaka alisikia pia. Alisimama, mgongo umekaza, kisha akageuka akamtazama mama yake.

"Mama, usilie. Siku ile walinichukua. Leo nimekuja mwenyewe, na nyinyi mmenisindikiza kwa nyimbo."

Wariara alijifuta uso kwa ncha ya shuka. Halafu akapiga vigelegele, peke yake kwanza, kwa sauti iliyokwaruza, mpaka wote wakampokea.

Mchungaji alitufungisha ndoa kwa kupaza sauti kutoka nje ya lango. Daktari alizipokea pete akaziosha kwa spiriti kabla ya kutupa. Joash alimpika yule kuku, na sahani za wageni zikawafikia upande wa pili bila mtu kugusana na mtu. Jua lilipoanza kushuka wazee wakaondoka kuwahi treni yao, wakiimba mpaka stesheni. Waithaka alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, na hakukiachia.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Sana," alisema. "Nionyeshe ndani."